Kompyuta ya kwanza ya gemu kwa mtoto: anza na stika ya pawasaplai

Mzazi akija dukani kwangu na picha ya kompyuta inayowaka taa za rangi zote, simuulizi kwanza ana shilingi ngapi. Namuuliza mtoto anataka kucheza nini, na nataka majina. "Magemu tu, haya ya kisasa" si jibu. Mpigie simu hapo hapo akutajie.

Kwa watoto wa miaka 9 mpaka 12 majibu hayapishani sana: Roblox, Minecraft, Fortnite na mpira. Roblox na Minecraft yanacheza vizuri tu bila kadi ya grafiki (kifaa cha kuchomeka kinachochora picha za gemu), ukiwa na prosesa, ubongo wa kompyuta, ya miaka ya karibuni na ukakubali kushusha ubora wa picha kidogo. Fortnite bila kadi linacheza kwa kukwamakwama. Mpira ndio unaodai kadi: eFootball, lile lililochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ni la bure, lakini kwenye kompyuta isiyo na kadi wachezaji wanakimbia kama wamefungwa mawe miguuni. Mtoto akitaja GTA V, hilo limewekewa umri wa miaka 18, na hapo mazungumzo ni yako na yeye, mimi fundi sihusiki.

Orodha hiyo ndiyo inayoamua kama kadi itanunuliwa leo, mwakani, au isinunuliwe kabisa. Shemeji yangu alinipa 900,000 nimtafutie binti yake wa miaka 11. Alikuwa amejiandaa nusu ya hela iende kwenye kadi. Binti anacheza Roblox na Minecraft, basi. Hesabu yote ikabadilika kwa swali hilo moja.

Usitafute mpya

Kwa hela za namna hiyo, nenda kwenye kompyuta za maofisi zilizotumika, zile zinazoshushwa Kariakoo kutoka Ulaya na Dubai: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Zimetengenezwa kuwaka kutwa nzima, zinafunguliwa bila hata bisibisi, na vipuri vyake havikosekani. Kuna sababu nyingine siku hizi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba. Mashine ya ofisi inakuja na RAM yake ndani, na muuzaji wa mtumba bado anaihesabu kama sehemu ya keisi.

Zinakuja kwa maumbo matatu. Kuna tawa, keisi pana inayosimama. Kuna nyembamba, iliyoandikwa SFF. Halafu kuna ile ndogo kama kitabu. Chukua tawa. Nyembamba inakubali kadi fupi tu, zile za nusu kimo, ambazo ni chache na wauzaji wanajua ni chache. Ile ndogo kabisa haina hata sloti, yaani tundu la kuchomekea kadi. Itakaa vizuri juu ya meza, itasifiwa na wageni, na siku mtoto akihamia kwenye mpira utaanza kununua upya.

Sasa prosesa, maana hapa ndipo wazazi wanapoliwa hela. Muuzaji atakwambia "hii Core i5, mzee" kana kwamba amemaliza. Core i5 ya 2011 ni Core i5 na ya 2018 nayo ni Core i5. Angalia namba inayofuata kistari: i5-2400 ni kizazi cha 2, i5-6500 cha 6, i5-8500 cha 8, i5-10400 cha 10. Mimi mpaka wangu ni kizazi cha 8. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Ndiyo, najua mafundi wanaipitisha kwa ujanja kwenye kizazi cha 4, na inawaka. Ila kuna magemu, Valorant mojawapo, ambayo kwenye Windows 11 yanakagua TPM 2.0 na Secure Boot, kinga za usalama za ndani ya kompyuta, kabla ya kufunguka. Mtoto atafika huko tu. Simwekei mtoto wa watu mashine ambayo mwakani itanirudia na kesi.

Na hapa kuna nafuu ambayo wengi hawaioni kwa sababu bei mtaani inafuata jina. Core i3-8100 ya kizazi cha 8 ina kori nne kamili, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi. Core i5-7500 ya kizazi kilichotangulia nayo ina kori nne, na mwendo wake wa msingi uko chini kidogo. Yaani "i3" hiyo inakimbizana na "i5" ya jana, inaingia Windows 11 bila ujanja, na muuzaji anaiuza rahisi kwa sababu imeandikwa i3. Ukiiona ndani ya OptiPlex 3060 ya tawa, usichangamke usoni, patana kimya kimya. Wengine wa kizazi hicho ni OptiPlex 5060 na 7060, EliteDesk 800 G4 na ThinkCentre M920t.

Kama mfuko ni mdogo zaidi, kwa mfano 400,000 kwa kila kitu, OptiPlex 7040 ya kizazi cha 6 yenye Linux, mfumo unaokaa badala ya Windows, itacheza Minecraft toleo la Java bila kinyongo. Fortnite lisahau, halikubali Linux.

Stika

Fungua ubavu wa keisi, mulika tochi ya simu kwenye lile boksi la chuma ambapo waya wa umeme unaingia. Hiyo ndiyo pawasaplai, na pembeni yake kuna stika. Isome kabla hujaongea habari ya kadi. Kwenye OptiPlex 7040 ya tawa utakuta wati 240. Kwenye nyingine namba inazunguka hapo hapo.

Piga hesabu. Prosesa kama i3-8100 imepimwa wati 65. SSD (diski ya kisasa yenye kasi), RAM, feni na mazabodi yenyewe (ubao mkuu wa ndani), weka 30. Imebaki nafasi, lakini nafasi hiyo ina lango: kadi ya grafiki inaweza kuchota umeme kwenye sloti yake, na sloti inatoa mwisho wati 75. Kadi inayotaka zaidi inadai waya wake wa ziada wa pini 6 au pini 8 kutoka kwenye pawasaplai, na mashine nyingi za ofisi hazina waya huo.

"Si tubadilishe pawasaplai?" Shemeji aliniuliza hivyo hivyo. Dell na HP kwenye mashine hizi hawatumii plagi ya kawaida ya pini 24, wana plagi zao. Kuna waya za kubadilishia, zinapatikana, lakini sasa umenunua pawasaplai, umenunua waya, na bado boksi jipya lazima likae kwenye nafasi ya lile la zamani. Fanya hivyo kwa kompyuta yako mwenyewe. Kwa ya mtoto, kaa ndani ya wati 75.

Ukishakubali mpaka huo, orodha ya kadi inakuwa fupi, na ufupi huo unakuokoa. GTX 1650 ndiyo ninayoipendekeza. Ina kumbukumbu ya GB 4, wati 75, na Nvidia, wenye chipu yake, bado wanaihudumia. Igeuze uitazame juu kwanza: baadhi ya watengenezaji waliiwekea tundu la pini 6. Hiyo mwachie mwenye nayo. GTX 1050 Ti nayo ni wati 75 na inauzwa nafuu, lakini Nvidia waliacha kuitolea draiva (programu za kuiendesha) za magemu mapya Oktoba 2025. Zimebaki za usalama tu. Inafaa kwa aliyekwama hela na anayecheza magemu ya zamani. Mwenye uwezo zaidi kuna RTX 3050 ya GB 6, wati 70. Angalia GB, maana ile ya GB 8 inataka waya.

RX 6400 ya AMD inakula wati 53 na ipo ya nusu kimo, kwa hiyo ni mkombozi wa waliokwisha kununua SFF. Kasoro zake mbili: inatumia njia 4 tu za sloti, kwa hiyo kwenye mashine hizi za zamani inapoteza nguvu, na haina kirekodi cha video ndani yake. Mtoto anayetaka kurekodi akicheza aweke YouTube atakulaumu.

Utaoneshwa pia GT 730 "ya GB 4". Ukubwa wa GB za kadi hausemi nguvu yake, na GT 730 ni kadi ya 2014 ambayo grafiki iliyomo ndani ya prosesa ya kizazi cha 8 haina sababu ya kuiogopa. GT 1030 zipo mbili zenye jina moja: yenye kumbukumbu ya GDDR5 inasafirisha GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 haifiki 17. Boksi linafanana. Soma maandishi madogo.

Halafu kuna kadi za uongo kabisa. Kadi ya zamani inaandikwa upya programu yake ya ndani, inajitambulisha kama GTX 1050 Ti, hata Windows inadanganyika. Macho yako yanaweza kuikamata kabla hujaichomeka: kadi za GTX 1000 hazitoi picha kwa njia ya VGA. Ukikuta "1050 Ti" ina tundu la bluu la VGA, irudishe mezani polepole, sema asante. Na kwenye flashi yako beba programu ya GPU-Z, ni ya bure. Ikiikuta kadi ya namna hiyo inaandika neno FAKE mbele ya jina lake, na hapo hakuna ubishi.

RX 580 utaikuta bei nzuri inayoshawishi. Nyingi zilichimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana, zinakula wati 185 na zinataka waya. Zenye maandishi 2048SP ni RX 570 iliyobadilishwa jina.

Kabla hela haijatoka mfukoni

Dai kompyuta iwashwe mbele yako, na ikiwaka bonyeza F2 kama ni Dell au F10 kama ni HP, uingie kwenye mipangilio yake ya ndani. Unatafuta kitu kimoja: je, inakuomba nywila? Kompyuta hizi zilikuwa za kampuni, na idara zao za TEHAMA zilizifunga. Muuzaji atasema haina shida, Windows inaingia. Windows itaingia, lakini siku ukitaka kuwasha Secure Boot mlango umefungwa, na kuufungua kwenye baadhi ya mashine ni kazi ya kuchomelea. Yenye nywila weka chini, chukua ya jirani yake.

Waliofungua kompyuta pamoja na mimi wananicheka kwa sababu nanusa. Pawasaplai iliyoanza kuungua ina harufu, na pua haihitaji programu. Tazama na vile vikopo vidogo kwenye mazabodi: vichwa viwe bapa, vikiwa vimevimba ondoka. Acha mashine icheze video nusu saa nzima wakati mnapatana bei, usikilize feni. Saa ikionesha mwaka wa nyuma, hiyo ni betri ya CR2032 tu imeisha, inauzwa hela ndogo. Usiikatae mashine, itumie kushushia bei. Mwisho risiti ya kodi ya EFD yenye namba ya kompyuta yenyewe, na siku za dhamana ziandikwe. Dhamana ya mdomo inaisha ukigeuka.

RAM na SSD hazina hadithi ndefu. Hadidiski ya zamani itoe, au ibaki ya kutunzia picha. Windows na magemu yakae kwenye SSD, GB 240 kwenda juu. RAM iwe GB 16, na ziwe vipande viwili vya 8. Kama kompyuta haina kadi, hili si pambo: grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM, na vipande viwili vinafungua njia mbili badala ya moja. Tofauti inaonekana kwa macho kwenye Minecraft. Mashine za kizazi cha 8 nilizozitaja zinatumia DDR4, usiuziwe DDR3, haitaingia.

Kuna wanaotaka kipya kwa kila hali. Basi nunua prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo grafiki yake ya ndani inaizidi mbali ya Intel ya ofisi, mazabodi ya B450 au B550, usiweke kadi kwanza. Ni njia nzuri, na inaongezeka vizuri baadaye, ila RAM utainunua kwa bei ya leo. Na jihadhari na keisi yenye kioo inayouzwa pamoja na pawasaplai ya "wati 500". Soma stika, mstari wa +12V. Ukikuta 14A, zidisha 12 kwa 14: wati 168. Hizo ndizo zako, kwa sababu prosesa na kadi zinakula kwenye mstari huo. Kilichobaki kwenye ile 500 ni rangi.

Monita, umeme na zilizobaki

Monita iliyotumika ya inchi 22 yenye 1920 kwa 1080 inatosha kabisa. Angalia matundu yake, maana nyingi za zamani zina VGA tu, na kadi niliyokushauri haina. Nyumba yenye televisheni ya HDMI inaweza kuanza bila monita. Washa hali ya gemu kwenye televisheni, la sivyo mtoto akibonyeza leo mchezaji anaruka kesho. Hasara ni vita ya saa mbili usiku, taarifa ya habari dhidi ya Roblox. Faida ni kwamba mtoto anacheza sebuleni, unasikia anaongea na nani.

Dar umeme ukikatika haukatiki kwa adabu, na ukirudi unarudi kwa kishindo. UPS (betri ya akiba) ya 650VA kabla ya kadi, sikubishii hili. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu, haikusudiwi mtoto amalizie mechi. Mweleze mapema.

Luku nayo ihesabu. Kompyuta yenye GTX 1650 ikiwa gemuni pamoja na monita, chukulia wati 170. Saa mbili kwa siku ni uniti 0.34, kwa mwezi kama uniti 10. Bila kadi inashuka karibu nusu. Uniti 10 si nyingi, isipokuwa kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi kwa Sh 100 kabla ya kodi. Mnatumia 70? Gemu litawavusha, na ng'ambo ya pili uniti inafika karibu mara tatu ya bei hiyo au zaidi. Angalia ujumbe wenu wa luku wa miezi iliyopita kabla hujamwahidi mtoto saa.

Hela ya shemeji iligawanyika hivi, kwa bei nilizopata mimi: OptiPlex 3060 ya tawa yenye i3-8100 na RAM GB 8, 420,000. SSD 70,000. Kipande cha pili cha GB 8, kilichotumika, 65,000. Monita 130,000. Kibodi na mausi 25,000. UPS 150,000. Jumla 860,000, kadi hakuna. Sloti yake iko wazi, na akianza kudai mpira baba yake atanunua GTX 1650, ataichomeka, hakuna kingine cha kubadilisha.

Binti aliizunguka mara moja akauliza, "Mamdogo, mbona haina taa?" Ukanda wa taa wa USB ni 8,000. Tuliubandika nyuma ya meza, headfoni ikachukua sehemu ya zilizobaki.

Ukifika nayo nyumbani, au hata kabla, ifungue ipulizwe vumbi na prosesa ipakwe pesti mpya ya kupitisha joto. Ile ya kiwandani imeshakauka kama chaki. Isikae sakafuni, wala ndani ya kabati la televisheni lisilo na hewa. Mikoa ya pwani unyevu na chumvi vinaila taratibu, kwa hiyo hata likizo iwashwe mara moja moja.

Magemu yenyewe: Roblox, Fortnite na eFootball hulipii kuingia, unalipishwa ukiwa ndani. Robux na V-Bucks, hela za ndani ya Roblox na Fortnite, zinanunuliwa kwa kadi ya benki, kwa hiyo kadi yako ya benki isihifadhiwe kwenye akaunti ya mtoto. Tumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, uweke kiasi kile tu ulichokubali. Minecraft unalinunua mara moja, kama dola 30, na ununue kwa Microsoft wenyewe; akaunti zinazouzwa nafuu mtaani hurudishwa kwa mwenyewe wa kwanza siku yoyote. Makubwa kama Fortnite yanafika makumi ya GB, usiyashushe kwa bando la simu. Peleka keisi peke yake kwa ndugu mwenye intaneti ya faiba, iache ilale huko, ukaichukue asubuhi.